Brenda Milner na Elimu ya Kumbukumbu



Mazungumzo yetu ya jioni ya leo yanamhusu mwanachuoni mmoja wa kike, Brenda Milner, aliyezaliwa katika mji wa Manchester, Uingereza, tarehe 15 Julai 1918, na ambaye kazi yake kubwa aliifanya ng'ambo ya pili ya bahari ya Atlantiki, katika mji wa Montreal, nchini Kanada. Wako wataalamu wengi walioichungua akili ya binadamu, na wako waliosifika kumpita yeye. Lakini nimemchagua huyu kwa sababu yeye hakutosheka na kulijibu swali alilowakuta wenzake wakiliuliza, bali alilibadilisha swali lenyewe. Kabla yake wataalamu walikuwa wakiuliza kumbukumbu ya mtu imehifadhiwa wapi katika ubongo. Baada yake iliwabidi waulize kwanza, ni kumbukumbu ipi hiyo tunayoizungumza? Na jambo hili kubwa hakulifikia kwa mitambo ya thamani, maana mitambo hiyo siku zile ilikuwa haijabuniwa, bali alilifikia kwa karatasi, kalamu ya risasi, kioo, na subira ya kukaa na mgonjwa saa baada ya saa, akimtazama kwa makini na kuandika alichokiona.

Baba yake, Samuel Langford, alikuwa mhakiki wa muziki wa gazeti la Manchester Guardian, naye ndiye aliyemfundisha binti yake nyumbani hesabu na lugha, mpaka alipofariki mwaka 1927, binti akiwa na umri wa miaka minane tu. Mwaka 1936 binti huyo aliingia Chuo cha Newnham, Cambridge, kwa nia ya kusoma hisabati; lakini baada ya kujipima kwa insafu akaona kwamba hatafika mbali katika fani hiyo, akahamia saikolojia, akahitimu mwaka 1939, mwaka ule ule vita vikuu vya pili vilipozuka. Vita vikawachukua wanachuoni wa Cambridge kama vilivyowachukua watu wengine wote, naye akatiwa katika kazi ya kubuni mitihani ya kuwapambanua vijana waliofaa kurusha ndege za aina hii na wale waliofaa kurusha za aina ile, kisha akapelekwa Malvern kwenye uchunguzi wa rada, na huko ndiko alikokutana na mhandisi wa umeme, Peter Milner, wakaoana mwaka 1944 na kusafiri pamoja kwenda Kanada. Huko alifundisha kwa Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Montreal, na huku anafundisha akajiandikisha kuwa mwanafunzi wa Donald Hebb, mtaalamu mashuhuri wa Chuo Kikuu cha McGill, ambaye ndiye aliyemfungulia njia ya kwenda kuwachunguza wagonjwa wa Wilder Penfield.

Penfield alikuwa mpasuaji wa ubongo, mwasisi wa Taasisi ya Neva ya Montreal iliyofunguliwa mwaka 1934, na wagonjwa waliomjia aghalabu walikuwa watu wa kifafa ambao dawa zimewashinda. Kifafa, kama wajuavyo matabibu, hutokea pale seli za ubongo zinapotoa umeme wake kwa ghasia na bila nidhamu. Na kwa baadhi ya wagonjwa ghasia hiyo huanzia mahali pamoja palipopata kovu, hata ikawezekana kukata mahali hapo na kumwondolea mtu maradhi yake. Penfield aliwapasua wagonjwa wake hali wako macho na wanasema naye, kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu, naye akigusa hapa na pale kwa umeme mdogo ili ajue sehemu ya usemi iko wapi asije akaikata. Ilikuwa kazi ya hadhari kubwa; lakini hadhari hiyo ilihusu zaidi usemi na viungo, wala hapana aliyedhani kwamba kumbukumbu nayo yahitaji kulindwa, kwani rai iliyotawala zama zile, rai aliyoieneza mtaalamu Karl Lashley wa Marekani, ilisema kwamba kumbukumbu imetapakaa ubongoni kote, haina makao maalumu, na kwa hiyo kukata kipande kidogo hakuwezi kuipoteza.

Basi ndipo walipotokea wagonjwa wawili walioivunja rai hiyo. Mmoja alikuwa mhandisi, anayejulikana katika maandishi ya kitabibu kwa herufi P.B., na wa pili alikuwa fundi wa kukata glavu, aitwaye F.C. Wote wawili walipasuliwa upande wa kushoto, katika sehemu ya ubongo iliyo ndani ya panja, na wote wawili walipozinduka akili zao zilikuwa timamu, usemi wao fasaha, lakini hawakuweza tena kukumbuka mambo yanayowapitia, P.B. akawalalamikia matabibu, akiwauliza wameifanya nini kumbukumbu yake. Wagonjwa wengine wengi walikatwa mahali pale pale na hawakupatwa na msiba huo. Penfield na Milner walikaa wakafikiri, wakatoa dhana iliyohitaji ujasiri: kwamba wawili hawa, bila mtu yeyote kujua, upande wao wa kulia ulikuwa umekwisha kuharibika zamani, hata mpasuaji alipoondoa upande wa kushoto akawa amewaondolea upande wa pekee uliokuwa ukifanya kazi. Dhana hiyo ilikaa miaka ikingoja ithibati, na P.B. alipofariki mwaka 1964 kwa maradhi mengine, ubongo wake ukachunguzwa, ikadhihirika kwamba upande wa kulia, ambao haukuguswa kamwe na kisu, ulikuwa umesinyaa kwa jeraha la siku nyingi.

Ripoti ya wagonjwa hao ilipotangazwa mwaka 1955, ilisomwa na William Scoville, mpasuaji wa Hartford katika jimbo la Connecticut, Marekani, naye akampigia simu Penfield kumwambia kwamba amewahi kuona jambo kama hilo kwa mgonjwa wake mwenyewe. Mwaka 1953 Scoville alikuwa amempasua kijana wa miaka 27 aliyeteswa na kifafa tangu utotoni, asiweze hata kushika kazi, na kwa kutumaini kumponya akamwondolea sehemu ya ndani ya panja pande zote mbili, ikiwamo sehemu kubwa ya kile kiungo kilichopindika mfano wa farasi wa bahari ambacho matabibu hukiita hipokampasi. Kifafa kilipungua kwelikweli. Lakini kijana yule tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Ulimwengu wa elimu ulimjua kwa herufi H.M. kwa zaidi ya miaka hamsini, na jina lake, Henry Molaison, halikutangazwa ila baada ya kufa kwake mwaka 2008.

Brenda Milner alipanda garimoshi la usiku kutoka Montreal akaenda Hartford kumwona, na safari hiyo ikawa mwanzo wa nyingine nyingi. Alimkuta mtu mpole, mwenye adabu, msikivu, ambaye kipimo chake cha akili kilikuwa 112, yaani zaidi ya wastani wa watu, ambao ni 100. Alipomwuliza tarehe, mwezi Aprili 1955, akajibu kwamba ni Machi 1953, na kwamba umri wake ni miaka 27, hali alikuwa amekwisha kutimiza 29. Punde kabla ya kuingia chumbani alikuwa akizungumza na daktari mwingine. Alipoulizwa habari za mazungumzo hayo, hakuwa na habari nayo. Alikumbuka utoto wake, na aliwajua wazazi wake. Lakini kila aliyekutana naye baada ya upasuaji, hata akamwona mara mia, kwake alikuwa mgeni.

Sasa hapa ndipo ulipoonekana ustadi wa mchunguzi. Mtu mwingine angeandika kwamba mgonjwa amepoteza kumbukumbu, akafunga daftari lake akaondoka. Milner hakuridhika na neno pana namna hiyo, bali alitaka kujua ni kitu gani hasa kilichopotea na ni kitu gani kilichosalia. Akampa namba 584, akamwambia aihifadhi, kisha akamwacha amekaa kimya. Baada ya robo saa akamwuliza, naye akaitaja bila kukosea, akaeleza na hila aliyoitumia: kwamba mtu akumbuke 8 tu; jumla ya 5, 8 na 4 ni 17; ukitoa 8 katika 17 husalia 9; na 9 ukiigawa mafungu mawili hupata 5 na 4; basi namba ndiyo hiyo, 584. Lakini mara tu mazungumzo yalipogeuka kwenda kwenye jambo jingine, namba ikatoweka, hila ikatoweka, na hata habari kwamba aliwahi kupewa namba ikatoweka pia. Kwa mtihani huo mdogo, usiogharimu hata senti, ilidhihirika kwamba kulishika jambo akilini kwa muda ni kazi moja, na kulihifadhi lidumu ni kazi nyingine, na kwamba ya kwanza yaweza kubaki salama hali ya pili imekufa kabisa.

Mtihani wa pili ulikuwa wa ajabu zaidi. Milner alimpa karatasi yenye mchoro wa nyota, uliochorwa kwa mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, akamtaka apitishe kalamu katikati ya mistari hiyo bila kuigusa. Walakini karatasi na mkono wake vilikuwa vimekingwa asivione ila kwa kupitia kioo, na kila aliyejaribu kazi hiyo anajua jinsi kioo kinavyougeuza mwendo wa mkono, ukitaka kwenda mbele unarudi nyuma, na kwenye kila pembe ya nyota kalamu inayumba na kutoka nje. Siku tatu mfululizo H.M. alirudia zoezi hilo. Siku ya kwanza alianza kwa makosa mengi, na makosa yakapungua. Siku ya pili akaanzia pale alipoishia jana. Na siku ya tatu mkono wake ulipita katikati ya mistari kwa utulivu wa fundi aliyezoea. Na kila siku, alipooneshwa kile kioo na ile karatasi, alikuwa haikumbuki kabisa kazi hiyo, hata siku ya mwisho, alipoimaliza vizuri, akashangaa mwenyewe kuona imemwia nyepesi kuliko alivyodhani. Mkono ulikuwa umejifunza, na mwenye mkono hakuwa na habari.

Nawaomba wasikilizaji walizingatie jambo hili, kwa sababu athari yote iliyofuata imesimama juu yake. Makala aliyoyaandika Milner pamoja na Scoville mwaka 1957, na uchunguzi wa nyota alioutangaza mwaka 1962, yalithibitisha mambo matatu: kwanza, kwamba kiko kiungo maalumu ubongoni ambacho bila yake hapana jambo jipya linalowekwa katika kumbukumbu ya kudumu; pili, kwamba kiungo hicho si ghala ya mambo ya kale wala si chemchemi ya akili, maana akili ya H.M. na habari za utoto wake vilibaki. Na tatu, kwamba ujuzi wa mikono na mazoea hupita njia yake yenyewe, isiyopitia hapo. Kwa hiyo kumbukumbu si kitu kimoja, bali ni jamaa ya uwezo mbalimbali, na kila mmoja una mahali pake pa kufanyia kazi.

Mlango huo ulipofunguliwa, wengi waliingia. Mwanafunzi wake Suzanne Corkin, aliyekuwa baadaye mwalimu katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alimchukua H.M. kuwa amana yake, akamchunguza kwa miongo kadhaa. Mjini London, John O'Keefe alipotia waya nyembamba katika hipokampasi ya panya, mwaka 1971 akatangaza kwamba ziko seli zinazoamka kila mnyama afikapo mahali fulani maalumu, jambo lililompatia baadaye Nishani ya Nobel. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walieleza, kwa uchunguzi uliofanywa Oslo, jinsi viungano vya seli za hipokampasi vinavyopata nguvu ya kudumu baada ya kusisimuliwa, na hapo wataalamu wakaanza kuona umbile la kujifunza katika seli zenyewe. Wengine waliutafuta mfano wa msiba wa H.M. katika nyani ili wajue hasa ni kipande kipi kina kazi gani, na Eric Kandel, aliyepata Nobel mwaka 2000 kwa kuichungua kumbukumbu katika konokono wa baharini, hakuacha kuitaja kazi ya Milner kuwa miongoni mwa misingi ya fani hii yote. Mtu asiyeijua historia hii angedhani kwamba panya, nyani na konokono hawana uhusiano na nyota iliyochorwa karatasini. Kumbe wote hao waliulizwa swali alilolitunga mwanamke yule mjini Hartford.

Wala hakukomea kwenye kumbukumbu. Alionesha kwamba wanaokatwa panja la kushoto hupungukiwa katika kukumbuka maneno na hadithi walizosimuliwa, na wanaokatwa la kulia hupungukiwa katika kukumbuka sura za watu, michoro na sauti za muziki. Mwaka 1963 alitangaza uchunguzi wa wagonjwa waliojeruhiwa sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso: aliwapa kadi zenye maumbo, rangi na idadi tofauti, wazipange, na wao wagundue kanuni kwa kuambiwa tu umepata au umekosa; kisha kanuni ikabadilishwa kimyakimya. Mtu mwenye afya huhangaika kidogo akaipata kanuni mpya, lakini wagonjwa hawa waling'ang'ania ile ya kwanza kadi baada ya kadi, wakiambiwa wamekosa. Tangu hapo tumeelewa vyema zaidi kwa nini mtu aliyeumia hapo aweza kujua vizuri lililo sawa na bado mwenendo wake usimfuate.

Heshima zilimjia kwa wingi na kwa kuchelewa: aliingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1979, akapewa tuzo ya Balzan mwaka 2009, na tuzo ya Kavli mwaka 2014, akishirikiana na O'Keefe na Marcus Raichle, naye wakati huo akiwa na umri wa miaka 96 na bado akienda kazini kwake Montreal. Lakini mimi siipimi athari ya mwanachuoni kwa nishani. Liko jambo jingine ambalo kwangu lina uzito zaidi, nalo ni deni.

Elimu hii, wasikilizaji, ilitokana na madhara. H.M. hakwenda hospitali ili awe kitabu cha wataalamu. Alikwenda apone, akatoka hali maisha yake ya mbele yamekatika, asiweze kuishi peke yake mpaka kufa kwake akiwa na umri wa miaka 82. Ni haki kuuliza ni vipi mtu asiyekumbuka aweza kutoa ridhaa, na wataalamu wameliuliza swali hilo, na inafaa waendelee kuliuliza. Tunajua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akisema kuwa anatumaini yanayojulikana kwake yatawafaa wengine. Maneno hayo ni wasia, na wasia una wajibu kwa aliyeachiwa.

Je, ulitekelezwa? Naona ulitekelezwa. Makala ya 1957 hayakuuficha msiba. Yaliwatangazia wapasuaji wote hatari ya kuondoa hipokampasi pande zote mbili, ili asitokee mwingine kama yule. Na mwaka 1962 Milner, pamoja na wenzake wa Montreal, Branch na Rasmussen, walichukua njia iliyobuniwa na daktari Juhn Wada ya kuulaza upande mmoja wa ubongo kwa dawa inayopitishwa katika mshipa wa shingoni, njia iliyotumika kutafuta upande wa usemi, wakaitumia kuipima na kumbukumbu. Upande unaokusudiwa kupasuliwa hulazwa kwa dakika chache, mgonjwa akaoneshwa vitu, na dawa ikiisha akaulizwa kama anavikumbuka. Akivikumbuka, upande unaobaki una afya, na mpasuaji aweza kuendelea. Asipovikumbuka, kisu huwekwa chini. Yaani lile lililowapata P.B. na F.C. bila mtu kujua, sasa laweza kujulikana kabla ya jeraha.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuko mbali na habari hizi. Kifafa tunakijua, na tunajua jinsi mgonjwa anavyokimbiwa anapoanguka, watu wakiogopa povu lake, hata mtoto akaungua motoni au akazama majini kwa kukosa mkono wa kumshika. Karibu na mwaka 1960, katika milima ya Mahenge, Tanganyika, daktari wa Kinorway Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa kwa watu waliokuwa wakifichwa vijumbani, naye baadaye akasomea tiba ya akili katika chuo kile kile cha McGill alichosoma Milner. Wanawake hao wawili walishika kazi tofauti. Mmoja aligawa dawa na mmoja aligawa mitihani. Lakini wote wawili walikaa karibu na mtu ambaye wengine walimwona ni ajabu au ni laana, wakamwuliza maswali kwa upole, wakayaamini majibu yake.

Kwa vijana wetu wanaosoma tiba na saikolojia, ambao mara nyingi hulia kwamba hawana mitambo, sisemi kwamba mitambo haina faida, wala kwamba wasiidai kwa wenye mamlaka. Nasema tu kwamba upungufu wake usiwe sababu ya kutomtazama mgonjwa aliye mbele yao. Waandike wanachokiona kabla ya kuandika wanachokitarajia; wakiambiwa neno pana, kama kusahau au kuchanganyikiwa, waulize kusahau nini, na nini kimebaki; na wakipata elimu kwa taabu ya mtu, wasipumzike mpaka elimu hiyo imewarudia wenye taabu kama yake. Leo wako watu waliopasuliwa ubongo, wakapona kifafa, wakarudi nyumbani wakiwajua watoto waliozaliwa baada ya upasuaji wao. Hao ndio hoja yangu ya mwisho, na sina nyingine iliyo na nguvu kuliko hiyo.